Kinu Chini ya Gari

Nimeacha ufundi wa magari nikiwa na vidole vyote na meno yote, na wenzangu wa gereji wananicheka, wanasema mtu hastaafu huku bado ananyonyesha. Wacheke. Nimelala chini ya magari ya watu tangu nilipomaliza kidato cha nne, kwanza Nachingwea, baadaye hapa Ruangwa, na niliyoyaona huko chini yanatosha kuwatisha nyie mliobaki gereji na nyie mnaojitengenezea magari uani kwenu. Nataka mtishike. Mwanaume asiyeogopa gari lililoinuliwa mimi simwiti jasiri. Namwita mtu anayemwandalia mkewe ujane.

Habari za vyeo na mshahara sitaandika. Cheo changu kilikuwa "we dada", na mshahara anaujua aliyekuwa ananipa.

Aliyenifundisha ni Fundi Selemani, Nachingwea. Gereji yake ilikuwa bati nne juu ya nguzo na mchanga mweusi wa oili chini. Siku ya kwanza hakunipa gari. Alinimwagia gunia la spana miguuni akasema, "Chagua ambazo ungenunua kwa hela yako." Nikachagua zinazong'aa, nani asingechagua hizo? Akazikusanya zote nilizochagua akazisukuma pembeni kwa mguu. "Hizo ni za kutundika ukutani," akasema, "wageni wakija waone una spana."

Halafu akanipa bolti moja, akaniambia nijaribu kila spana pale, niitikise kushoto na kulia. Spana ikicheza kwenye nati kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, hiyo iache hata wakikupa bure. Ikikaa kimya, ichukue, hata kama imepauka na ina kutu. Akanionyesha kutazama ndani ya ile pete ya spana ya ringi: chuma kizuri kimekatwa safi, kona zake unazihisi kwa kucha, kibaya kimemiminwa kama uji, kona zimelala. Zile zenye kona sita ndani zinaikamata nati kwa ubavu wake mzima. Zenye kona kumi na mbili ni rahisi kuzipachika, lakini kwenye nati yenye kutu zinaila kona, na nati iliyoliwa kona ni msiba wa siku nzima. Spana za mtumba zilizotoka kwenye gereji za watu huko Dar, nyeusi, maandishi bado yanasomeka, zilikuwa ghali hata kuliko mpya za dukani. Yeye alinunua hizo, moja moja. Hakuwahi kununua seti.

Nilidhani ni ubahili. Kisha nikavuta spana moja laini kwenye gari la mkulima wa Marambo, pikapu iliyokuwa imekaa nje mvua nzima, kila nati imeshikana na mwenzake. Nilivuta kwa nguvu zote, mdomo wa spana ukafunguka, na mkono wangu ukaenda mahali ambapo sikuutuma. Ulikwenda kwenye chuma cha breki. Mfupa niliuona, ni mweupe kuliko mnavyofikiri. Fundi Selemani alinifunga kitambaa, akamwambia mwenye gari arudi kesho, akaketi nami. Hakunipa pole. "Umeona?" akasema. "Spana ya bei rahisi inauzwa mara mbili. Mara ya pili unalipa kwa nyama."

Basi nyie wa uani, nunueni chache. Namba kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba na kumi na tisa zinafungua karibu gari zima la hizi ndogo tunazopanda. Bisibisi mbili, ya bapa na ya nyota, ambazo ncha yake ukiikandamiza kwenye zege haipindi. Plaizi ambayo meno yake yanakutana ukiinyanyua kwenye mwanga. Nyundo ambayo mpini umepita mpaka juu ya kichwa na kupigwa kabari, siyo uliogundishwa. Wili spana ndefu, ya kufungulia nati za tairi. Mafuta kidogo ya kulainisha kutu, na subira ya kuyaacha yaingie, ambayo haiuzwi popote, maana kama ingeuzwa ningemnunulia mtu.

Lakini hayo yote ni ya mikono. Kilichokuwa kinanitisha tangu mwanzo ni jeki. Fundi Selemani alikuwa na kauli moja: jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia. Kila gari alilolipandisha alilikalisha kwenye stendi zake, vyuma vya miguu mitatu alivyochomelea mwenyewe, na kabla hajaingia chini alisema bismillahi, kisha akalisukuma gari kwa nyonga. Vyote viwili, kila mara. "Kama linataka kuanguka," alisema, "liangukie nimesimama." Siku moja lilianguka kweli. Hakuwepo mtu chini. Mlio wake si mkubwa, ni kama mtu aliyeketi chini kwa kuchoka. Niliota ule mlio muda mrefu.

Nikaolewa Ruangwa. Mume wangu, Shabani, ni dereva wa gari dogo la abiria, haya watu wanayoyaita mchomoko, anakwenda Nachingwea na kurudi. Mimi nikapata kazi gereji karibu na stendi ya mabasi. Huko niliona kila namna ya mteja. Wachimbaji wa Namungo walileta magari yaliyojaa vumbi jekundu mpaka ndani ya taa, wakitaka yawe tayari kabla ya mpira, na siku ya mpira hakuna anayetaka kusikia kwamba breki haijakaa. "Dada, funga tu, nitakwenda polepole." Hakuna mtu aliyewahi kwenda polepole kwenye mpira.

Ndipo wakaanza kuja hawa wa simu. Mtu ametazama video, ameona mzungu kwenye sakafu safi anabadilisha bushi, ile mipira ya miguu ya gari, kwa muda mfupi, naye anakuja na kasha la plastiki lenye spana za kila namba, soketi zimepangwa kama mayai, ananiuliza kama ni nzuri. Nachukua soketi, naipachika kwenye bolti, naitikisa mbele yake. Inacheza. Anakasirika na mimi kana kwamba ndiye niliyemuuzia.

Sasa nadhani mmeshajua nani mwingine alinunua kasha.

Alikuja nalo kutoka gulioni, amelinunua kwa mtu mwenye kipaza sauti. Akaliweka mkekani akalifungua kama anayefungua mahari.

"Mke ana spana," akasema, "mume akikosa watu watanisemaje?"

Nikalikagua lote. Nyundo ilikuwa na shingo ya kuku. Spana mbili zilikuwa nzuri, sijui ziliingiaje humo. Mle ndani kulikuwa na kila kitu isipokuwa kile kinachomzuia mtu kufa.

"Stendi ziko wapi?"

"Jeki ipo kwenye gari."

"Ile inayovuja?"

"Inavuja kidogo."

"Baba Zuhura, jeki inayovuja kidogo inashuka kidogo. Wewe kifua chako ni kinene kiasi gani?"

Akasema stendi atanunua msimu wa korosho. Kwetu hapa kila kitu kitanunuliwa msimu wa korosho. Bati, godoro, ndoa. Nikamwambia basi mpaka msimu huo asiingie chini ya gari, akihitaji nitaazima stendi gereji. Akaitikia vizuri sana. Nyie wake za watu mnaujua ule uitikiaji.

Siku yenyewe nilikuwa nakwenda nyumbani mchana kunyonyesha. Mtoto mdogo nilikuwa namwacha na mama mkwe, nyumba ya jirani. Nimefika kwenye kona ya uzio nikasikia chuma kinagonga chuma, mlio ninaoujua kuliko sauti ya mamangu. Nikaona gari limeinuka mbele, tairi la kushoto limetolewa, na miguu ya Shabani imetokeza, ndala moja imemtoka. Nikatafuta kwa macho kilicholishika gari.

Kilikuwa kinu changu.

Amekigeuza mdomo chini, kitako juu, akakisukumia chini ya fremu, akaishusha ile jeki mbovu mpaka uzito wote ukakalia kinu. Kwa mbali kinapendeza. Kimesimama kimepanuka chini kama kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini kinu kile nakitwangia mimi. Kilikuwa na ufa uliotoka mdomoni ukateremka ubavuni, ufa ambao kila nikitwanga mtama unabaki na sehemu yake, nami nilikizungushia waya kusubiri kingine. Yeye ufa ule hakuujua, atauonea wapi? Tangu azaliwe anakutana na kinu kikiwa kimeshageuka ugali.

Niwaambie jambo ambalo gereji hatufundishani. Ukimwona mtu chini ya gari lililokaa vibaya, usipige kelele. Akishtuka atavuta, na alichokishika ndicho kitakachoangusha gari. Nikaumeza ukelele wangu. Maziwa yalianza kunitoka yenyewe, gauni likalowa. Nikamwita kwa sauti ya kumlaza mtoto.

"Baba Zuhura."

"Enhe, fundi mkuu kafika," akajibu toka chini. "Karibu ukague."

"Achia hiyo spana."

"Nimebakiza bolti moja."

"Achia, usivute. Toka polepole."

"Gereji kwenu mnaingia. Nikiingia mimi inakuwa kosa."

"Sisi hatuingii chini ya kinu."

Akacheka. Niliona tumbo lake likipanda na kushuka, karibu liguse chuma. "Kinu hicho kinapigwa mchi miaka yote hakijavunjika. Kishindwe na gari lililosimama?"

Na hapo ndipo penye mtego, maana maneno hayo yana akili ndani yake. Ndiyo maana yanaua. Mchi unapiga kitako, na kitako ni gogo zima. Ukikigeuza, gari linakaa juu ya ule ukingo mwembamba wa mdomo, na ukingo ndio wenye ufa. Nilimweleza hivyo, taratibu, huku nalisukuma lile tairi alilolitoa. Lilikuwa limeegemea ukuta wa bafu. Nikalilaza, nikaliburuza mpaka ubavuni kwake, nikaliingiza chini ya gari kadiri lilivyoingia, ili gari likianguka liangukie hilo kwanza. Tairi la akiba lilikuwa kwenye buti, sikuthubutu kuligusa, kwa sababu kufungua buti ni kulitikisa gari.

"Unanipunguzia nafasi," akasema.

"Nakuongezea siku. Toka."

"Mama Zuhura, wewe ufundi umekuharibu, unaogopa kila kitu. Ngoja."

Akavuta. Nilisikia pumzi yake ya kujikaza. Gari likalia, na ule waya niliouzungusha kwenye kinu ukakaza mpaka ukaingia kwenye mti. Unga wa mtama wa siku nyingi ukamwagika kwenye ufa, kidogo, kama chumvi. Nilikuwa nimepiga magoti. Nikaweka mkono juu ya kinu kana kwamba mkono wangu ungekizuia. Namba zote za spana, kona sita, kona kumi na mbili, miaka yangu yote ya gereji, na mtu wangu mwenyewe hasikii.

Mama mkwe akatokea kwenye uzio na mtoto analia mgongoni. Ni mtu mzima, Kiswahili chake ni cha sokoni, mengi anayasema Kimwera. Alisimama. Hakuangalia gari hata kidogo. Aliangalia kinu, akaniangalia mimi nilivyolowa pale chini, kisha akakiangalia kinu tena.

"Shabani," akasema. "Kinu nani kageuza?"

"Mimi, mama. Nakirudisha sasa hivi."

"Kwetu kinu wanageuza hivyo siku mwenye nyumba kafa. Wewe umekufa?"

Nikasikia spana ikianguka mchangani.

"Hapana, mama."

"Basi toka nikuone."

Alitoka kama mjusi. Spana aliiacha hukohuko, na ndala ya pili pia. Akasimama mbele ya mamake, mchanga mgongoni, oili shavuni, anajipapasa kifua kama aliyetumwa ahakikishe. Mpaka leo sijui kama hiyo ni mila ya kweli au mama aliitunga palepale alipoiona sura yangu. Nimemuuliza. Ananiambia, "Wewe pika."

Nilimwambia Shabani asogee mbali. Nikaenda ubavuni mwa gari nikalisukuma kwa nyonga, kama Fundi Selemani. Na hapa nitasema kweli. Nilitaka lianguke. Ni gari linalotulisha, lakini nilitaka lianguke palepale mbele ya macho yake, kinu kipasuke vipande viwili, asikie ule mlio, asiusahau.

Halikuanguka. Nikalisukuma tena. Likatikisika, likakaa.

"Si umeona," akasema Shabani. Bado alikuwa anajipapasa kifua, lakini alisema.

Jioni nilikisimamisha kinu nikamimina maji ndani mbele yake. Yalitokea ubavuni, yakachora mstari mzima mpaka chini. Aliyatazama yakichuruzika. "Lakini kilikaa," akasema.

Nimefanya kazi na magari yaliyokatika breki na yaliyoshika moto, na hakuna kitu kilichonitisha kama neno hilo. Kitu kilichoanguka kinamfundisha mtu. Kilichokaa kwa bahati kinamfundisha pia, na somo lake linakwenda mbio zaidi. Alilisimulia kijiweni. Muda si mrefu napita mtaa wa pili, naona pikapu ya watu imekalia kinu, miguu ya mtu imetokeza, mkewe anachambua mboga pembeni anaimba. Nikamwambia yule mama. Akaniambia, "Mbona hata mume wako anafanya, na wewe ndiye fundi?"

Nikashindwa kufanya kazi. Gereji nikiwa chini ya gari la mteja, nasikia simu ya mtu yeyote inaita, mikono inaacha nati. Nilikuwa nangoja nani atakuja kutuita, kwamba fulani kaangukiwa na gari. Mkuu wangu wa gereji aliniambia nipumzike kidogo, nikamwambia sipumziki, naacha. Wakauliza nataka zawadi gani ya kuagwa, kanga au sufuria. Nikasema stendi mbili.

Basi na hizo niwaeleze. Chuma cha bomba nene, siyo bati lililokunjwa. Miguu mitatu au minne iliyotanuka, yenye vibao chini isizame kwenye mchanga wetu huu. Juu pawe na kikombe cha kushikia fremu, siyo bapa tupu inayoteleza. Pini ya kurekebisha urefu iwe nene kama kidole cha mwanaume na ipite upande wa pili. Sehemu zilizochomelewa zikague kwa tochi. Palipo na tundu kama mkate, rudisha kwa aliyechomelea hata kama ni shemeji yako. Kama huna za kununua, mchomeleaji wa mtaani atakutengenezea kwa vyuma chakavu, na bei yake ni ndogo kuliko lile kasha lako la kung'aa. Anza na hizo. Spana azima.

Shabani alizipokea stendi vizuri sana. Nikamwambia hakuna haja ya kuitikia, kwa sababu utaratibu nyumbani umebadilika: chini ya gari letu naingia mimi. Yeye atashika tochi na kunipa spana. Alilalamika kwamba watu watamsema. Nikamwambia waseme, ilimradi wamseme yuko hai.

Juzi bushi za kulia zilikuwa zimekwisha. Nikalipandisha gari, nikalikalisha kwenye stendi, nikalisukuma, nikaingia. Nikiwa chini niliona miguu yake tu. Mwanzo ilisimama imetulia. Nilipoanza kuvuta na gari kulia kidogo, ikasogea. Ikaenda upande wa stendi ya kwanza, ikarudi ya pili. Akachuchumaa, nikaona mkono wake umeshika chuma.

"Imekaa vizuri hii?" akauliza.

"Imekaa."

"Mbona linalia?"

"Magari yanalia."

Mtoto mdogo alianza kulia ndani, na yeye hakwenda.

"Mama Zuhura, hujamaliza?"

"Bado bolti moja."

"Toka kwanza upumzike. Nitamalizia kesho kwa fundi, nitalipa. Toka bwana."

Bolti nilikuwa nimeshaifunga. Nikaiweka spana kifuani, nikaitazama ile mikono yake iliyoshika stendi, kucha zimekuwa nyeupe. Nikabaki nimelala hapo kidogo.